"Bado," nilimwambia

Neno moja tu, na tangu Jumatatu usiku halijanitoka kichwani.

Suzi, mbwa wetu, alizaa tukiwa bado tunaosha masufuria ya kipaimara cha Doreen (kilipita salama, picha nitaweka). Watano walitoka bila shida. Wa sita alitoka na kifuko chake kizima, na Suzi, hoi, akamgeuzia mgongo. Nikakipasua kwa vidole, nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua kwa taulo mpaka akalia kama bawaba yenye kutu. Kitovu nikakifunga uzi na kukipaka ayodini. Mpaka hapo mimi ni daktari kamili. Kisha nikamlaza chali kama mtoto wa mtu, nikamdondoshea maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Yakatokea puani. Ndipo nikampigia Bwana Mifugo.

"Mtie kidole mdomoni. Kukoje?"

"Baridi."

"Umeshampa maziwa?"

Bomba lilikuwa mkononi, limebaki nusu.

"Bado."

"Safi sana. Kitoto kikiwa cha baridi tumbo limelala, maziwa hayasagiki, na ni rahisi yaingie mapafuni. Joto kwanza, polepole. Chupa ya maji moto, izungushie khanga, na mtoe hapo karibu na jiko. Wiki ya kwanza hawa hata kutetemeka hawajui."

Alijuaje kama niko jikoni?

"Na mtu akiwa ameshampa?"

Kimya.

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Basi huyo mtu amwinamishe kichwa, amfute pua, halafu amsikilize kifua mpaka asubuhi."

Nilimsikiliza. Machame, mwezi wa saba, nimekaa kwenye kigoda na mbwa ndani ya sweta, kila akikoroma nahesabu dhambi zangu. Saa kumi na moja alfajiri nikatia kidole tena mdomoni: kulikuwa na joto, na akakinyonya! Nikamweka kifudifudi kwenye chuchu ya nyuma kabisa, akang'ang'ania huku akisukuma kwa vile viganja vyake vya waridi. Nililia, sitaki kuulizwa.

Leo ana siku tano na kitambi. Ningekuwa nimeshasahau, ila Alhamisi Bwana Mifugo alikuja kumwangalia ng'ombe, akavikagua vitoto, akasema mbele ya wageni wote: "Huyu dada ni wa kuigwa. Wengi hukimbilia maziwa."

Mama, aliyeyakamua yale maziwa na kunipashia mwenyewe, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Eee," akasema. "Ana subira sana."

Mpaka leo hajasema lingine.