Msitu ndani ya daftari la mpima ardhi
Wiki ya tatu hii macho yananiuma kwa kusoma mwandiko wa wapima ardhi waliopita Wisconsin kati ya 1832 na 1866. Serikali ya Marekani iliwatuma waigawe nchi vipande vya maili moja ya mraba kabla ya kuwauzia walowezi. Kwenye pembe walisimika kigingi, wakachagua miti ya jirani iwe shahidi, wakaandika aina, unene kwa inchi, na umbali kwa mnyororo wa futi 66. Sehemu kubwa ya misitu yenyewe ilishafyekwa zamani. Hiyo miti shahidi ndiyo tunayoichorea ramani upya.

Jana nilikwama saa nzima kwenye maandishi haya: “B. Oak”. Ni mwaloni mweusi (black oak), au ule wa gome nene usiojali moto (bur oak)? Herufi moja tu! Nikatazama umbali hadi kigingini: mbali mno. Mti wa pili vilevile. Kumbe pale hapakuwa na msitu mnene, ilikuwa mialoni iliyotawanyika kwenye nyasi, pakiachwa wazi na moto ambao wenyeji, Waho-Chunk wakiwemo, waliuwasha mara kwa mara. Ndiyo maana nikisikia “pori lisiloguswa” huwa nanuna.

Na hawa wapima nao, jamani. Wengine walichagua mti rahisi kuchonga alama, si ule wa karibu zaidi. Nimeweka alama ya kuuliza, nikahamia pembe inayofuata. Kinamasi, na mwandiko umezidi kuharibika.