Maji yalipitia dirishani

Sakafu ya Beetle yangu, gari dogo la zamani la Volkswagen, imechomelewa mara mbili. Mara ya kwanza niliamini kutu ilipanda kutoka chini, kwa matope na maji ya barabarani. Nikakata bati lililooza, nikachomelea jipya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu hadi kwenye pembe ambazo mkono haufiki vizuri. Mvua chache baadaye kapeti ya nyuma ya kiti cha dereva ikaanza kunuka uvundo. Nikaanza upya. Leo nimemaliza wiki tatu za kuhangaika na madirisha ya ubavuni, na kinachoniuma ni kwamba muda wote ule maji yalikuwa yakiingilia juu, kimyakimya, kupitia mpira ambao kwa macho ulionekana mzima.

Mpira una namna yake ya kuzeeka, nayo ni ya kudanganya. Jua linaupiga, ozoni ya hewani inaula taratibu, unatoka nyufa ndogondogo kama za kisigino, lakini hauondoki mahali pake. Umekaa pale, mweusi, ukilizunguka dirisha kama siku zote. Ila hausukumi tena. Kazi yake yote ni kusukuma, kioo upande mmoja na bati upande wa pili, na siku unapokoma kusukuma maji yanapata upenyo. Niliubonyeza wa dirisha la ubavuni la nyuma kwa ukucha, ukucha haukuzama hata kidogo. Ilikuwa kama kubonyeza gamba la mti. Nilipoukata ukakatika vipande vipande, na chini yake, kwenye ukingo wa bati ambao mpira huukumbatia, palikuwa na mstari wa kutu na udongo. Udongo wenye unyevu, ndani ya dirisha! Nikafuata njia yake kwa kidole: kutoka pembe ya chini ya dirisha, ukishuka ndani ya ubavu wa gari, hadi pale pale nilipochomelea.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kioo cha upande wa kulia nilikivunja mwenyewe. Nilitaka kuuokoa mpira wa zamani ili niutumie kama kipimo, nikaingiza bisibisi, ncha ikagusa ukingo wa kioo, na kwa mara moja chote kikawa punje. Vioo vya ubavuni hupashwa moto kupita nyuzi joto 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo, hivyo uso wake hubaki umejibana na kiini chake kimejivuta. Ukikipiga ngumi katikati kinaweza kuvumilia. Ukikigusa ukingoni kwa chuma, mvutano wote uliofungwa humo unaachiliwa papo hapo. Na kwa sababu hiyo hiyo hakikatiki wala hakitobolewi baada ya kutengenezwa. Unapata chenye kipimo chako, au hupati.

Nilijifunza hilo tena siku nne baadaye. Nilipata kioo kilichotoka kwenye Beetle ya 1963, nikakifunga kwa blanketi, nikakileta nyumbani kwa uangalifu mkubwa, nikakiweka kwenye tundu la dirisha. Kilipwaya. Gari langu ni la 1966, na kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1965, yaliyoanza kutoka kiwandani Agosti 1964, Volkswagen walipanua madirisha. Kwa mbali magari hayo mawili ni mapacha. Niliuliza tu kama ni cha Beetle, nikajibiwa ndiyo, na kweli kilikuwa cha Beetle. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni mwaka, hata ninaponunua mpira.

Cha pili kilitoka kwenye gari lililokuwa likifumuliwa. Kina mikwaruzo miwili myembamba chini na alama ya mtengenezaji iliyofifia pembeni. Ningeweza kutafuta kipya kisicho na doa, lakini nakipenda hiki. Kioo kilichokaa miaka mingi ndani ya gari la aina hii kina haki ya kurudi ndani ya gari la aina hii. Kwa mpira sina msimamo huo kabisa. Mpira uliotumika siuchukui hata nikipewa bure.

Kutu niliikwangua hadi bati likang'aa, nikapaka praima, nikapaka rangi, nikasubiri wiki nzima ikauke hasa. Kungoja huko ndiko kulikuwa kugumu.

Jumamosi tukafunga vioo. Mdogo wangu alikuja mapema. Tuliianika mipira mipya juani ilainike, tukaivisha kwenye vioo, kisha tukaingiza ule utepe wa urembo unaong'aa kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu kioo kikishakaa garini utepe hauingii bila vita. Halafu kamba. Unailaza kamba nyembamba imara ndani ya mfuo wa mpira ule unaokumbatia bati, unazunguka pande zote, na ncha mbili zinapishana chini katikati. Ukingoni tulipaka maji ya sabuni tu. Grisi ya kawaida inateleza vizuri, najua, lakini kuna mipira inayovimba na kuoza kwa mafuta, nami sikuwa tayari kuirudia kazi hii.

Yeye nje, viganja viwili kwenye kioo. Mimi ndani, kamba mkononi. Unavuta kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa mpira unajipindua na kulivuka bati, kidogo kidogo. Tulikwenda vizuri hadi kona ya juu, nikavuta haraka.

"Dada, taratibu. Huku bado."

Nikasimama. Akasukuma kwa kiganja, kioo kikazama kwa sauti ndogo, nikaendelea. Kamba ilipotoka yote nikapitisha kidole kuzunguka dirisha lote, na hapakuwa na mahali kidole kilipokwama.

Milangoni kuna somo jingine. Siku zote nilidhani mlango mzuri hauingizi maji, kumbe maji huingia kwa kawaida, yanapita kando ya kioo na kushuka hadi chini, ambako kuna matundu ya kuyatoa. Yangu yalikuwa yamezibwa kwa tope gumu kama saruji. Niliyazibua kwa waya, nikabandika upya nailoni nyuma ya ubao wa ndani, nikabadilisha mifereji yenye manyoya ambamo kioo huteleza. Vile vioo vidogo vya mbele vya pembe tatu vilinila siku mbili kila kimoja, na sitaki kuvizungumzia sana leo.

Jioni hii nimeketi ndani ya gari, tochi mkononi, mdogo wangu akilimwagia maji kwa bomba, kwanza juu, kisha ubavuni, kisha kona ile ile. Nilimulika chini ya kiti. Nikalaza kiganja sakafuni, juu ya mshono wa pili wa kuchomelea, nikakiacha hapo. Kikavu.

Nilitoka kumwambia. Nilipousukuma mlango nyuma yangu ulikataa kufunga, ukarudi kama umesukumwa na mtu. Hewa ilikuwa imebanwa ndani, haina pa kutokea. Nimesikia habari hii miaka mingi kwa wenye Beetle, na kwa gari langu haikuwahi kutokea hata siku moja. Nikashusha kioo vidole viwili, nikasukuma tena, ukafunga.