Siku moja katika chumba cha ushauri cha kanisa, Likoni, Mombasa

Saa 12:30 asubuhi nafungua chumba kilicho nyuma ya kanisa, kabla mtu wa kwanza wa kuja kwangu hajavuka kwa feri. Viti viwili vya plastiki naviweka mshazari, visitazamane, ili anayezungumza apate pa kuelekeza macho. Cha kwake kiwe karibu na mlango, kwa kuwa mtu aliyewahi kufungiwa ndani na kupigwa hatulii ukimzibia njia. Jagi la maji, tishu, feni. Feni ina kazi mbili: mvumo wake huzuia maneno yasifike kwa wanaongoja nje. Umeme ukikatika, benchi yao inahamishiwa chini ya mwembe.

Neno, sala ya kimya, chai na mahamri.

Saa 2:00 anaingia wa kwanza. Sianzi na "kulitokea nini?" Naanza na: mama, jana umelala saa ngapi? Mara ya mwisho umekula nini? Nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli akaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili (1 Wafalme 19). Asiyepata usingizi kwa majuma mawili namwandikia barua ya kliniki ya afya ya akili, na bado tunaonana Jumanne ijayo. Dawa na maombi havigombani.

Swali la pili nalitamka wazi: umefikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humfungulia mlango wa kulitaja. Akisema ndiyo, nauliza kwa njia gani na kitu chenyewe kiko wapi. Kwa ridhaa yake tunampigia ndugu anayemwamini akiondoe nyumbani, aje na kumchukua. Peke yake hatoki.

Akianza kutetemeka, simulizi inasimama. Nyayo zote mbili sakafuni, avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, mpaka mabega yashuke. Dakika 50 zinatosha. Ukizidisha unamwacha na kidonda wazi, na matatu inamsubiri barabarani.

Saa 4:30 ni zamu ya waliokwisha kuja mara tatu au nne. Hao tunaandika nao maombolezo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Zaburi ya 13 ina aya 6 tu: mbili za kulalamika ("Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?"), mbili za kuomba, mbili za kutumaini. Nampa daftari la kurasa 32 aandike yake kwa mpango huo. Kosa ni lile lile karibu kila mara: mistari miwili ya lalamiko, kisha "lakini Mungu ni mwema", kalamu chini. Amefundishwa kwamba kulalamika ni kukosa imani. Namrudisha taratibu. Aliyekuumiza alikufanyia nini hasa? Ulipoteza nini? Andika: usingizi, mtaji wa genge, heshima mbele ya wakwe. Sehemu ya tumaini ikigoma, tunaiacha tupu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, nayo imo katika Biblia ile ile.

Kanisani tumewaumiza wengi kwa kuwaharakisha kusamehe. Deni halifutwi kabla ya kuhesabiwa. Tena kusamehe si lazima kurudi: mke anayepigwa simkalishi na mumewe kusuluhishwa, kwani kweli atakayoisema hapa atailipia nyumbani.

Alasiri ikileta habari ya aliyebakwa, sala inakuwa fupi. Asioge kwanza. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufuga unyevu na ushahidi huoza. Aende hospitali ya Coast General sasa hivi: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Akiwa mtoto, hakuna kikao cha wazee wala cha kanisa. Ni polisi, ofisi ya watoto, au simu ya msaada kwa watoto, 116. Mtu mzima apige simu ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, 1195.

Saa 11:00 jioni kikundi cha wanaokuja kwa ushauri kinakaa, watu 6 hadi 8. Anayelia hajibiwi kwa aya wala kwa ushauri, anasikilizwa. Na hakuna linalopelekwa kwenye kundi la maombi la WhatsApp. "Tumwombee dada yetu wa Mtongwe, ndoa yake..." na kufikia jioni mtaa mzima unajua, naye harudi tena kwetu.

Daftari zinafungiwa kabatini. Saa 3:00 usiku nampigia yule wa asubuhi aliyejibu ndiyo. Maswali ni mawili: umekula? Na nani yuko nawe hapo?