Kesi imeanguka, mtu amerudi nyumbani

Ukitaja kazi ya ustawi wa jamii na watu waliowadhuru watoto, wengi huwaza mfungwa anayetoka gereza la Maweni, hapa Tanga, baada ya kumaliza kifungo. Huyo ni nadra. Kumbaka mtoto adhabu yake haipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Anayerudi mtaani, Ngamiani au Makorora, ni yule ambaye kesi yake ilikufa: shahidi hakufika, PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari) ilijazwa ovyo, au mama wa mtoto alibembelezwa na ukoo mpaka akanyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite. Kisheria hana hatia, na mtoto bado analala nyumba ileile.

Maafisa wapya hufunga jalada siku hiyo, na hapo ndipo wanapokosea. Kesi ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka. Shauri la ulinzi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 halidai kiwango hicho. Linatazama kipi kina uwezekano mkubwa zaidi. Aliyeachiwa huru anaweza kabisa kuonekana hatari kwa mtoto, na mahakama ya watoto ikaombwa amri ya uangalizi.

Mwaka 1984 David Finkelhor, mtafiti wa Marekani, alieleza mambo manne yanayotangulia kabla mtoto hajadhurika: mtu ana hamu, ameinyamazisha dhamira yake (kwa visingizio au pombe), amevipita vizuizi vya watu wazima waliopo, kisha ameushinda upinzani wa mtoto. Huku kwetu nguvu nyingi huishia kwenye la pili, yaani nasaha na viapo, na la nne, kumfundisha mtoto kupiga kelele. La tatu, vizuizi vya watu wazima, ndilo unaloweza kulibadilisha wiki hii na kulikagua wiki ijayo. Mtoto wa miaka sita hawezi kuwa mlinzi wake mwenyewe.

Anza na mtu mwenyewe, peke yake, mkewe asiwepo. Usimuulize kama alifanya. Jibu hilo amelizoea tangu polisi. Muulize siku yake inavyokwenda: anaamka saa ngapi, nani anamwogesha mtoto, nani anampeleka chuoni (madrasa) baada ya alasiri, mama akienda sokoni nani anabaki. Andika saa kwenye karatasi. Kisha muulize mama maswali yaleyale, na bibi au mpangaji wa chumba cha pili. Saa zisizolingana ndizo za kufanyia kazi. Mtoto asiulizwe chochote mbele ya mhusika.

Halafu kagua nyumba. Zile za vyumba pande mbili na ukumbi katikati zina tabu zake: watoto hulala ukumbini kwenye mkeka, kila anayekwenda uani usiku anawapita. Bafu mara nyingi limezibwa kwa gunia au khanga. Mpango unaofaa unataja vitu hivyo kwa majina: mtoto analala chumbani kwa bibi, komeo liko ndani, bafu linawekwa mlango wa bati, usiku anasindikizwa chooni na mtu mzima aliyetajwa, hapandi bodaboda ya mhusika, hapokei zawadi wala simu yake. "Atakuwa mwangalifu" si mpango.

Bora zaidi ni mwanaume ndiye ahame. Familia hupenda kumpeleka mtoto kwa shangazi Muheza au Korogwe, kwa sababu ni rahisi. Mtoto huielewa safari hiyo kama adhabu, shule inakatika, na wadogo zake wanabaki nyumbani na mtu yuleyule.

Kinachovunja mipango mingi ni pesa. Kama yeye ndiye anayeleta unga, mama atamrudisha kabla mwezi haujaisha, na kumlaumu hakusaidii. Kodi na chakula vijadiliwe siku ileile ya kumhamisha. Akiwa baba mzazi, matunzo ni wajibu wake popote anapolala, na hilo liandikwe.

Nani aambiwe? Watu wazima wawili au watatu wanaoishi karibu na mtoto, basi. Mwenyekiti wa mtaa akilitangaza barazani, jamaa atahamia Pangani au Mombasa, mahali ambapo hakuna anayemjua na nyumba zina watoto vilevile. Hilo ni baya kuliko kumwona kila siku.

Mhusika akiwa na miaka chini ya 18 mambo ni tofauti. Huyo naye ni mtoto mbele ya sheria, hachanganywi na wakubwa, na vijana wengi wakisaidiwa mapema hawarudii.

Mpango ukivunjwa na mtoto akaguswa, mtoto apelekwe hospitali ya Bombo ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU hazitolewi baada ya hapo. Asiogeshwe kwanza. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe. Namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Ziara za ufuatiliaji zisiwe za Jumatatu asubuhi kwa taarifa. Nenda Jumamosi jioni, nenda Desemba shule zikiwa zimefungwa, na cha kwanza kutazama ni kama komeo bado lipo.