Pronto, Pronto na Pronto

Jamani maneno ya muda yatanizeesha. Natafsiri Kitaliano, Kihispania na Kiingereza, na nikimwambia mtu hivyo anajibu aah hizo si zinafanana tu. Zinafanana ndio, na hapo ndo ninapochapwa.

Chukua "pronto". Mhispania akisema pronto ujue ni hivi karibuni, ngoja kidogo. Mtaliano kwake pronto ni tayari, tena ndo anavyopokelea simu, yaani pale unaposema haloo yeye anakwambia tayari. Halafu Waingereza wakalibeba hilohilo, kwao ikawa fasta, sasa hivi, usizubae! Neno moja na herufi zilezile, ila mmoja anakungojesha mwingine anakukimbiza.

"Mañana" ya Kihispania nayo ni kesho na ni asubuhi, kwa hiyo kesho asubuhi inakuwa "mañana por la mañana", mara ya kwanza nilidhani mtu kakosea kutaipu. Wataliano wametenganisha, domani na mattina.

Lakini iliyonitia aibu ni "quince días" ya Kihispania, neno kwa neno siku 15. Jumanne moja mteja kaniandikia kazi anaitaka "dentro de quince días", mi nikafungua kalenda nikahesabu siku 15 moja moja, nikaangukia Jumatano, nikajipa raha. Jumanne asubuhi simu inaita meseji, kazi iko wapi? Kumbe quince días ni wiki mbili, wanahesabu na siku ya leo yenyewe! Wataliano vilevile, quindici giorni, na wakisema "oggi a otto", leo hadi nane, ni wiki ijayo siku kama ya leo. Mwingereza ana "fortnight", asili yake ni usiku 14. Wiki mbili zilezile, huku siku 15 kule usiku 14, na mteja hataki kusikia hesabu zako.

Pa kupumulia ni kwenye "time" ya Kiingereza, maana Kiswahili kinaigawa kama Wataliano na Wahispania: tempo au tiempo ni muda, ora au hora ni saa, volta au vez ni mara. Three times usiiandike "nyakati tatu" tafadhali, nimeshaiona.

Keshokutwa? Mtaliano ana dopodomani, Mhispania pasado mañana, Mwingereza anatembeza maneno manne, the day after tomorrow. Mtondo na mtondogoo, zile siku mbili baada ya keshokutwa, zitafutie maneno mwenyewe, mi nilihesabu vidole nikaandika tarehe.