Sketi kumi na tisa na jicho moja

Januari ndiyo msimu wetu sisi mafundi cherehani wa uswahilini. Shule zikifunguliwa, mzazi aliyelala Desemba nzima anaibuka na kitambaa chake cha bluu kwapani, anataka sketi ya marinda kesho asubuhi. Januari ya 2024 nilikuwa na sketi kumi na tisa barazani kwangu Tandika, mashati hata sikuyahesabu, macho yaliponigomea.

Dar nzima ilikuwa inazungumzia "red eyes", ugonjwa wa macho mekundu unaoambukiza. Wizara ya Afya ilishatangaza, redio zinarudia, na kwenye daladala abiria wamevaa miwani nyeusi utadhani tunakwenda kumpokea bwana harusi. Watu waliamini ukimtazama mgonjwa machoni tu, umeshaupata. Kwa hiyo binti mmoja alipoletwa na mama yake kupimwa sketi, macho mekundu kama katoka msibani, mimi nikajifanya mjanja: nikampima bila kumtazama usoni. Nikapitisha futi kiunoni, nikamshika mkono asimame wima, mkono uleule aliokuwa anajifutia machozi. Akaondoka. Mimi nikarudi kwenye cherehani, jasho likaniingia jichoni, nikajipangusa kwa kiganja.

Baada ya siku kadhaa jicho la kulia likawa kama lina mchanga. Nikalaumu vumbi la kitambaa. Usiku likawa linachoma, linatoa machozi lenyewe, na kufumba hakusaidii kwa sababu mchanga wenyewe ni kama uko chini ya kope. Alfajiri nilipoamka nikiwa nimelalia jicho la kushoto, sikuona kitu. Niliita, "Mbona umeme umekatika?" Mwanangu akacheka, akasema mama, kumekucha, jicho lako ndilo limefungwa. Tongotongo lilikuwa limeganda kwenye kope kama gundi ya mbao. Nikapapasa ndoo, nikalowesha ncha ya kanga, nikaibandika jichoni mpaka kope zikaachana moja moja.

Sasa dawa. Mama mkwe akapika chai ya rangi, akaipoza, akaniosha nayo. Mpangaji mwenzangu anayenyonyesha akaja na mtoto mgongoni, akanikamulia matone mawili kila jicho kwa moyo mweupe kabisa. Nilikaa pale nimeinua uso, mtu mzima na sketi zangu kumi na tisa, nanyonyeshwa macho. Sikupona. Jicho la kushoto nalo likaingia kwenye foleni.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji hakuniuliza neno, akachomoa kichupa. Niseme ukweli, jioni ile wekundu ulipungua, nikamsifu mtaa mzima. Siku mbili baadaye mwanga wa mlangoni ukawa unanichoma kama sindano namba kumi na sita, ile ya jinzi, na uzi niliokuwa nautunga nauona ndani ya ukungu. Ndipo yule mpangaji mwenzangu akanishika mkono, tukaenda zahanati nikiwa nimejifunika kanga usoni.

Nesi alinawa kwanza, akavaa glovu, akashusha kope ya chini kwa kidole. Maswali yake nayakumbuka kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniuliza: Tongotongo ni la majimaji au usaha mzito? Yanawasha au yanauma? Mwanga unakuumiza? Unaona sawasawa? Nilipofika kwenye mwanga na ukungu, akaweka kalamu chini. Akaomba kile kichupa, akakisoma ubavuni, akaguna. Kilikuwa na steroidi. Akasema dawa ya namna hiyo inafuta wekundu huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini, na kama kioo cha jicho kina kidonda, inaweza kukiharibu zaidi. Nikaiacha palepale, na siku hiyohiyo akanipeleka kwa mtaalamu wa macho. Huyo akanitia rangi ya chungwa jichoni, akamulika kwa taa ya bluu akitafuta kidonda. Hakuna. Nilishusha pumzi mpaka kiti kikalia.

Ugonjwa wenyewe, walinieleza, mara nyingi ni wa kirusi, na antibiotiki haikiui. Unaisha wenyewe kwa wiki moja mpaka mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Usaha mzito wa njano au kijani unaotoka mchana kutwa, hapo bakteria hudhaniwa, na wana dawa yao. Macho yanayowasha sana, na chafya juu, huo huwa ni mzio. Yule mpangaji mwenzangu naye, nesi alimgeukia pia, akamnawisha mikono, akamwambia maziwa aachiwe mtoto, na kichanga yeyote akitoa usaha machoni, apelekwe hospitali hata kama ni usiku.

Mimi niliambiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, nifute kuanzia upande wa pua kwenda nje, kila jicho na kitambaa chake. Kitambaa cha baridi juu ya macho nikilala, ambacho kwa kweli ndicho kilichonipa usingizi. Taulo langu peke yangu, foronya zibadilishwe, mikono kwa sabuni. Wanja wangu, nilioununua Krismasi, ukaenda jalalani. Huo uliniuma kuliko macho.

Kazi nilifunga, lakini nilikuwa nimechelewa. Kabla jicho la pili halijaingia, nilikuwa nimeshona sketi mbili kwa jicho moja na kupima watoto watano kwa futi lilelile na mikono ileile. Wawili waliugua. Labda waliupata shuleni, labda kwangu. Mama wa mmoja hakuwa na shaka hata kidogo. Alisimama mbele ya baraza, akasema, "Fundi, mimi nilikuagiza sketi. Macho sikuagiza." Nilimrudishia elfu mbili, akazipokea na bado akasimama.

Sketi ya mwanawe ilikuwa moja ya zile mbili. Marinda ya mbele yalikwenda upande, kama yanakimbilia kushoto. Nilimwambia ailete niifumue, hakuileta. Mwaka mzima nilimjua yule mtoto kwa mbali, akivuka barabara na wenzake wote wa bluu na nyeupe.