Mabinti wa Selofehadi na dada anayekaimu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Hesabu 27:1–11 pamoja na Yoshua 17:3–6. Mwenye nafasi asome na Hesabu 36, maana nitaigusa.

Mwanamke wa Mithali 31 tumemhubiri kila Machi 8 mpaka naona amechoka. Leo tumwache apumzike, tukae na mabinti watano: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Nimewachagua kwa ajili ya ombi ambalo limekuwa likirudi kwenye ushirika wetu wa mchana, kila mara kwa mdomo wa dada mwingine: anakaimu. Kaimu Meneja wa Tawi, Kaimu Mhasibu Mkuu, Kaimu Mkuu wa Idara. Kazi yote ni yako, sahihi ni yako, lawama ni zako, ila mshahara umebaki wa ngazi ile ile, na posho ya kukaimu yenyewe mpaka uifuatilie. Halafu siku moja tangazo la nafasi linatoka, anaajiriwa mtu wa nje, nawe unaombwa umwelekeze kazi.

Tumezoea kumjibu dada huyo kwa Zaburi 75, kwamba kuinuliwa hakutoki mashariki wala magharibi, Mungu ndiye amshushaye huyu na kumwinua huyu. Naiamini zaburi hiyo kwa moyo wote. Lakini sioni mahali inapomkataza mtu kuandika barua.

Wala sisemi kwamba kila anayekaimu anadhulumiwa. Kukaimu kunaweza kuwa njia ya kweli ya kufika. Ruth Zaipuna alikuwa Afisa Mkuu wa Fedha wa Benki ya NMB, akakaimu nafasi ya Afisa Mtendaji Mkuu, kisha mwaka 2020 akathibitishwa. Ninayemsemea hapa ni yule ambaye kukaimu kwake kumegeuka kuwa cheo cha kudumu, na ambaye ameanza kuuita ukimya wake unyenyekevu.

Turudi kwenye somo. Israeli wamepiga kambi katika nchi tambarare za Moabu, ng'ambo ya Yordani, wakitazamana na Yeriko. Sura ya 26 ni sensa. Wanahesabiwa wanaume wa miaka ishirini na zaidi, kabila kwa kabila. Manase peke yao ni 52,700. Ikishakwisha, Mungu anasema nchi igawanywe kwa kufuata majina hayo. Sura za namna hii wengi wetu tunazirukia. Mabinti wa Selofehadi hawakuirukia yao. Walisikia utaratibu ukitangazwa, wakajipigia hesabu wenyewe: baba alifia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume, basi katika mgawo huu nyumba yetu haina fungu. Wakaenda mapema, kabla ardhi haijapimwa.

Tuko wangapi tunaojua bajeti ya idara mpaka shilingi ya mwisho, lakini muundo wa utumishi wa mahali petu hatujawahi kuufungua? Katika utumishi wa umma Tanzania, utaratibu ni kwamba mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Kwenye kampuni binafsi mambo hutegemea sera ya mwajiri na barua uliyopewa. Je, barua yenyewe unayo, au uliambiwa tu kwenye ngazi kwamba "shika shika hapo kwanza"? Mtu akiniambia ameliombea jambo mwaka mzima, namheshimu. Akiniambia pia kwamba hajawahi kusoma barua yake ya ajira, namwomba akaisome kabla hatujaendelea kuomba.

Tazama sasa walikosimama. Biblia inasema walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya viongozi na mkutano wote. Hawakulia na majirani kisimani. Sisi malalamiko yetu tunayapeleka kwenye meza ya chakula cha mchana, kwa watu tunaowapenda sana ambao hawana uwezo wa kutia sahihi hata fomu ya likizo. Na walikwenda watano kwa pamoja. Hatuambiwi nani alizungumza. Hata mpangilio wa majina yao unabadilika ukifika sura ya 36, ni kama mwandishi hataki tumtafute kiongozi wao.

Hoja yao ni fupi, nami naipenda kwa jinsi ilivyopangwa. Kwanza wanaondoa pingamizi kabla halijatolewa: baba yetu hakuwamo katika kundi la Kora lililomwasi Bwana, alikufa kwa dhambi yake mwenyewe. Hawamfanyi baba malaika. Wanaweka rekodi sawa. Kisha swali: kwa nini jina lake lifutwe katika ukoo kwa sababu hakuwa na mwana? Kisha ombi, nalo lina mipaka yake: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Hawakumtaja binamu yeyote kwa ubaya. Hawakusema wamechoka, ingawa bila shaka walikuwa wamechoka. Dada unayekwenda kuonana na mkurugenzi juma hili, hapo una muhtasari wako tayari. Beba malengo uliyopewa na yaliyofikiwa: marejesho ya mikopo yalikuwaje ulipopokea tawi na yakoje leo, hoja za ukaguzi zilikuwa ngapi na zimefungwa ngapi. Habari za mwenzako aliyepandishwa ukiwa unamzidi kazi, ziache nyumbani hata kama ni za kweli.

Jambo lingine nisingependa litupite. Ardhi waliyoiomba walikuwa hawajaikanyaga. Yordani ilikuwa haijavukwa. Baba zao, kizazi cha Hesabu 14, waliposikia habari za nchi hiyo walilia usiku kucha, wakasema tujichagulie kiongozi turudi Misri. Mabinti hawa wanaomba fungu katika nchi ileile ambayo baba zao waliikimbia kabla ya kuifikia. Anayesema kwamba kudai nafasi ni kupungukiwa imani na aisome habari hii upya. Aliyeamini kwamba Mungu kweli anawapa nchi ndiye aliyekuwa na sababu ya kuuliza fungu lake liko wapi.

Musa naye alifanya jambo ambalo wakubwa wachache hulifanya. Sheria aliyokuwa nayo haikuwa na jibu, na hakulitunga kichwani mwake. Hakuwaambia "hivi ndivyo tulivyozoea". Aliipeleka kesi mbele za Bwana. Jibu likarudi wazi: mabinti hawa wamesema haki, wape. Likaongezwa agizo kwa Israeli wote, kwamba mtu akifa bila mwana, urithi wake apewe binti. Ombi la nyumba moja likawa sheria ya taifa.

Mahubiri mengi huishia hapo kwa shangwe. Mimi naona hapa ndipo penye kazi.

Mistari inayofuata moja kwa moja, kuanzia 27:12, Musa anaambiwa apande mlimani aitazame nchi, kisha atakufa. Yoshua anawekewa mikono mbele ya Eleazari na mkutano. Yaani aliyeupokea uamuzi anaondoka, anakuja mwingine. Ni lini mmewahi kuona ofisini bosi akihamishwa na ahadi zake za mdomo zikabaki? Mpya anaingia na mipango yake, timu yake, na swali lake la kwanza: hili liliamuliwa wapi?

Ukifika Yoshua 17, Yordani imevukwa, vita vimepiganwa, kura za mgawo zinapigwa. Mabinti walewale wanasimama tena, safari hii mbele ya Eleazari, Yoshua na viongozi, wakisema Bwana alimwagiza Musa atupe urithi kati ya ndugu zetu. Hawakusema "Mungu alishasema, tukae tungojee itimie." Neno la Bwana mwenyewe, lililotamkwa hadharani, walilifuatilia kwa miguu yao kwa utawala mpya. Nao wakapewa. Mgawo wa Manase ukatoka mafungu kumi, mbali na nchi ya Gileadi na Bashani.

Eleazari ndiye ninayemwangalia zaidi hapa. Alikuwapo mlangoni pa hema siku ya kwanza, na yupo siku ya pili. Musa ameondoka lakini shahidi yupo. Basi dada, ukiahidiwa jambo na mkubwa wako, jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe ya heshima: nakushukuru kwa mazungumzo ya leo ambapo tulikubaliana hivi na hivi. Omba liingie kwenye muhtasari wa kikao. Usione aibu kwamba utaonekana humwamini. Na wewe uliyekuwapo kikaoni, bosi mpya akiuliza, sema ulichosikia, usijifanye hukuwepo.

Ndugu zetu wa Kenya wanaijua safari hii ndefu kati ya neno na shamba. Katiba yao ya 2010 ilisema vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Miaka kumi ikapita Bunge halijatunga sheria ya kulitekeleza, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Na kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, kwa ujauzito au kwa ndoa, lakini maswali ya usaili kuhusu mume na watoto tunayajua.

Kuhusu Hesabu 36 niseme kwa ufupi. Wakuu wa ukoo, wanaume, walikuja kwa Musa na hofu yao: hawa mabinti wakiolewa kabila lingine, ardhi yetu itahama nao. Wakawekewa sharti kwamba waolewe na wawapendao, ila ndani ya kabila la baba yao. Sura haituonyeshi wao wakiulizwa maoni. Sitaipaka sukari. Hata haki iliyotoka kinywani mwa Mungu ilifika mikononi mwao ikiwa na sharti, nao walilikubali na ardhi wakaipata. Pengine nawe utathibitishwa kwa mkataba wa miaka miwili, au utapewa tawi la mkoa wa mbali wakati watoto wako wako shule Dar. Hilo ni la kupima na mume wako, na wazazi, na mchungaji, kwa maombi. Sina jibu moja la kuwapa wote.

Nimalizie na sisi ambao tayari tuna viti. Wengine hapa ndio akina Musa: barua zinaletwa mezani kwetu. Sheria inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaporudi, nani anayempa alama za chini kwenye tathmini ya mwaka kwa sababu "hakuwepo"? Mara nyingine ni mwanamke mwenzake, aliyepita njia hiyohiyo na kuvumilia, anayeona na huyu avumilie. Kabla ya Jumapili, tufungue droo zetu tuone ni barua ya nani imelala humo, na imelala tangu lini.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyesema mabinti wa Selofehadi wamenena haki, mkumbuke dada anayeingia ofisini kwa mkubwa wake juma hili. Umpe maneno machache na takwimu sahihi. Mkumbuke aliyeahidiwa na bosi ambaye sasa amehama; umwinulie Eleazari. Mkumbuke aliyenyimwa akarudi mezani kwake kufanya kazi ileile. Umtunze asiwe na uchungu, na kama ni wakati wa kuondoka umwonyeshe mlango. Nasi tuliokalia viti, utupe ujasiri wa Musa wa kukiri kwamba sheria tuliyonayo haitoshi, na kulipeleka jambo kwako kabla hatujasema hapana. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.